Tangi Lililochacha

Njiti ya kwanza ilipozimika, Mzee Elimringi alisema ni upepo. Ya pili ikazimika, akasema ni njiti zenyewe, siku hizi hawatengenezi njiti. Ya tatu alipoisogeza kwenye jiko nayo ikafa kana kwamba mtu kaipuliza. Alifunga koki, akasimama pale uani na kiberiti mkononi. Wapangaji wa nyumba ile ya Mchafukoge, waliokuwa wametoka na vikombe vyao vya chai kuja kuona maajabu, wakaanza kurudi ndani mmoja mmoja.

"Mbona hizi tyubu za lori zimejaa?" aliuliza Bi Siti wa chumba cha mbele, anayeuza tambuu barazani. "Zimevimba kama mimba ya miezi tisa. Sasa mtoto yuko wapi, Mchaga?"

Watu wakacheka. Elimringi naye akacheka kidogo, kwa adabu tu, kisha akautazama mlango wa chumba chake. Mkewe, Hyasinta, alikuwa amekaa pale kizingitini, pindo la khanga mdomoni, anakohoa.

Kikohozi hicho, ndugu yangu, ndicho kilicholeta tangi.

Hyasinta alikuwa amepika kwa mkaa miaka arobaini na moja, tangu Elimringi alipomtoa Kibosho akiwa bibi harusi na yeye bado utingo wa malori. Sasa daktari alikuwa amesema basi, mapafu hayataki tena moshi. Jiko la umeme walijaribu, likazima taa za nyumba nzima mara mbili, wapangaji wakaja juu. Mtungi wa gesi Hyasinta hataki hata kuusikia, maana aliwahi kuona mmoja ukishika moto kwa mama lishe wa Gerezani, na tangu siku hiyo akiuona mtungi anavuka barabara. Elimringi mwenyewe alijitolea kupika. Alipika siku mbili. Siku ya tatu Hyasinta aliinuka kitandani akamnyang'anya mwiko.

Ndipo Angela, binti yao anayefundisha shule Moshi, akapiga simu. "Baba, mwisho wa mwezi ujao nakuja kumchukua mama. Akae kwangu moja kwa moja. Usinichukie."

Angemchukiaje? Mtoto alikuwa na haki. Kuondoka wote wawili hakukuwezekana, banda la spea pale Gerezani ndilo linalowalisha. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi na mbaya: moshi uishe, au Hyasinta aondoke.

Aliyempa matumaini ni Evelyn, mpangaji mwenzao, fundi wa maabara kwenye chuo kimoja hapa mjini. Binti huyo kazi yake ni vijidudu. Alimweleza kwamba kuna vijidudu tumboni mwa ng'ombe ambavyo ukivifungia mahali pasipo na hewa, ukavipa mabaki ya mazao, vinatoa gesi ya kupikia. Tena maabara yao ilikuwa inajaribu kuvilisha makaa ya mawe yaliyosagwa pamoja na mabaki hayo. Vikila magunzi vikapata nguvu, vinayamega na makaa taratibu, na gesi inaongezeka.

"Na gesi yenyewe haina msukumo wa mtungi, mama," Evelyn alimwambia Hyasinta. "Inakaa kwenye tyubu, imelala kama paka."

Hyasinta alimgeukia mumewe. "Daktari kanikataza makaa, Baba Angela. Wewe unaniletea ya mawe?"

Lakini hakusema hapana. Elimringi akatafuta tangi la plastiki la lita elfu. Magunzi na mabua aliyakusanya Kariakoo kwa wauza mahindi, akayakatakata mwenyewe kwa panga. Vumbi la makaa ya mawe alilifagia kwenye matela ya malori yanayotoka kusini, ambayo madereva wake wanamjua tangu wakiwa vijana. Machinjioni akapewa ndoo mbili za uchafu wa tumbo la ng'ombe, akapanda nazo bajaji, na dereva akaendesha njia nzima kichwa kikiwa nje. Evelyn akachanganya, akafunga, akaunganisha tyubu tatu za lori na mpira mrefu hadi jikoni. Kisha akasafiri kikazi Songea. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Mzee, usiongeze kitu chochote mpaka nirudi."

Alirudi asubuhi ile ile ya njiti tatu. Aliukuta ua mtupu, na mzee amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Limekataa."

Evelyn alichota kikombe cha maji ya tangi. Kabla hajafanya lolote, Bi Siti, ambaye hapitwi na jambo, aliinama akanusa.

"Siki hii! Wallahi siki tupu. Mimi natia ndimu na maembe achari mwaka mzima, hunidanganyi."

"Mzee," Evelyn aliuliza taratibu, "umeongeza nini?"

Elimringi alitazama viatu vyake. Mama yake, kule Machame, alikuwa mpika pombe ya mbege wa kusifika, na utoto wake wote aliupitisha kando ya chungu. Ndizi zimepikwa, zimepoa, unatia kimea cha ulezi, unasubiri. Harufu ikianza kukata puani, mama anatabasamu: imeiva. Hivyo ndivyo alivyojua mambo yanavyoumuka, na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Zimebaki wiki nne Angela afike, tangi limetulia tu kama maji ya kisima. Akanunua kimea kilo nne, akaongeza na mkungu wa ndizi mbivu. Harufu ilipoanza kukata puani, alifurahi.

Aliyasema yote hayo kwa sauti ya mtu anayeungama.

Bi Siti alishika kiuno. "Yaani umewapa wadudu wa watu pombe! Wamelewa, wamelala, na wewe unataka wakupikie?"

"Hawajalala, bibi," Evelyn alisema, anajizuia kucheka. "Wapo wanaotengeneza uchachu, na wapo wanaoula huo uchachu wakatoa gesi inayowaka. Wale wa kwanza wameshiba utamu wakazidi, hawa wa pili wameungua kwa ukali wake. Kilichojaa humo kwenye tyubu ni hewa inayozima moto."

"Wamekufa?"

"Sijui, mzee. Tukiupunguza ukali polepole, tutajua. Inatakiwa chokaa."

Bi Siti alishaingia ndani. Alitoka na kopo la chokaa yake ya tambuu, akalibwaga mbele ya Elimringi. "Chukua. Leo wateja watatafuna majani makavu, watanikoma." Kopo lile halikutosha, ikabidi mfuko uongezwe kutoka dukani, lakini kijiko cha kwanza kilikuwa chake.

Jioni, Elimringi aliketi karibu na mkewe. "Mama Angela, nimeharibu. Nilitia kimea."

"Najua. Nilikisikia harufu yake siku ile ile."

"Na hukusema?"

Hyasinta alivuta pumzi kwanza, kama alivyozoea siku hizi kabla ya sentensi ndefu. "Ulikuwa unaimba, ukikoroga. Mwaka huu wote sijakusikia ukiimba. Nikasema, acha aimbe."

Elimringi alisogea karibu zaidi. Akamshika mkono, wakakaa.

Kila asubuhi baada ya hapo kilikuwa kijiko cha chokaa na karatasi ya Evelyn ya kupimia ukali; ndoo nyingine ya machinjioni ilitiwa mara moja tu. Siku tisa tangi halikulishwa magunzi. Ya kumi na sita njiti iliwasha mwali wa buluu, ukadumu kidogo. Siku ya ishirini Angela alishuka kutoka Moshi, tiketi mbili za kurudi mkobani.

"Baba, hiki ni kinyesi cha ng'ombe."

"Karibu nyumbani, mwanangu. Kaa, mama yako anapika."

Hyasinta alibandika ndizi na nyama. Moto ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa safi, na yeye aliinama juu yake bila khanga mdomoni. Nusu saa. Dakika arobaini. Kisha tyubu zikalegea, moto ukaanza kusinzia, na ndizi zilikuwa bado ngumu. Angela alitazama sufuria, akaweka mkono kwenye mkoba.

Elimringi aliinuka, akavuka ua, akakalia tyubu.

Moto ukainuka.

"Jamani, Mchaga kawa jiwe!" Bi Siti alipiga kelele kutoka mlangoni.

Alikaa pale wima, mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha. Baada ya muda uzito wake peke yake haukutosha. Angela alimwangalia baba yake, akamwangalia mama yake ambaye alikuwa anaonja mchuzi, wala hakuwa amekohoa tangu aanze. Akauweka mkoba chini.

"Sogea, baba."

Walikaa mgongo kwa mgongo juu ya mpira wa lori. Hyasinta aligeuza ndizi kwa mwiko, akasema bila kugeuka:

"Hizo tiketi, moja kairudishe. Mimi nitakuja Desemba na huyu, kama watu wengine. Na msitikisike, zinakaribia."