Utepe Mwekundu na Kuku Watatu wa Maman Nabintu

Sista anayesimamia gazeti la ukutani la shule yetu aliniambia, "Aline, andika namna ulivyopona, na safari hii bila utani." Nilimwahidi. Kwa hiyo mkikuta utani humu, jueni umepanda wenyewe, kama walivyopanda kuku. Nitawafikia hao kuku.

Kabla ya ile asubuhi sikuwahi kuugua ugonjwa wa kweli. Niliugua tu siku za interogasio, yale majaribio ya darasani. Nilikuwa na tumbo la hesabu, kizunguzungu cha jiografia, na kila Alhamisi homa kali ya kemia. Mwalimu wa kemia alichoka, akanipa jina: Marehemu. "Marehemu amefufuka?" aliuliza kila nilipomrudia baada ya mapumziko, na darasa zima likapiga meza. Nililipenda lile jina. Hata kwenye daftari nililiandika.

Nyumbani Bukavu tunaishi mimi, Maman, na Tonton Déo, mdogo wake Maman. Tonton ni fundi wa ndege ndogo kwenye uwanja wa Kavumu, zile za moteri moja zinazoruka kuelekea Shabunda na kwingine kusikofika gari. Papa anafanya kazi huko Shabunda.

Jumapili moja baada ya misa Tonton alitandika karatasi mezani, kati ya fufu na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mafundi wanaiita karatasi ya lazima. Wenye kutengeneza moteri wakigundua kwamba chombo fulani kinaua watu, karatasi inatoka, na kila mwenye ndege ya aina ile anapaswa kutii. Hii ilihusu silansie, lile kopo la chuma ambamo moshi wa moteri unapita kabla ya kutoka nje. Hewa inayozunguka kopo hilo inapata moto, na hiyo ndiyo inayopashia abiria joto. Karatasi ilisema: litoe, lipulizie hewa ndani ya maji ya sabuni, tazama mapovu. Ukiona ufa, weka jipya. Usichomelee.

Nilimnyang'anya karatasi, nikapanda juu ya kiti, nikakunja mikono kama padri. "Somo katika waraka wa silansie kwa Wakorinto..."

Maman alicheka mpaka akashika ubavu. Tonton hakucheka.

"Aline, teremuka. Hii karatasi bameiandika kisha watu kufa. Kila mustari iko na mufu wake."

"Basi mutaweka mupya, Tonton?"

"Tuliomba. Haiyafika. Na patron anasema ndege yake haiwezi kulala."

Alikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akala samaki wake bila kutuangalia.

Kile ambacho hakutuambia ni kwamba silansie ya ndege yao ilikuwa imekwisha kupasuka. Waliipeleka kwa fundi wa mtaani anayetengeneza mbabula, yale majiko yetu ya makaa, akaichomelea vizuri, kama anavyochomelea kila kitu. Baada ya wiki ufa ukafunguka tena, pembeni ya pale alipochomelea. Tonton akafunga njia ya joto, akachukua utepe mwekundu, akafunga kile kishikio kinachovutwa ili joto liingie. Kwenye hangari yao chekundu maana yake usiguse. Marubani wote wa pale walijua, kwa hiyo hakuna aliyeona sababu ya kuandika neno hata moja. Na baridi je? Abiria watavaa sweta.

Vakansi za shule zilipoanza, Tonton alinipatia nafasi niende kumsalimu Papa. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imetoka kunyesha na ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya milima. Rubani wa siku zote alikuwa amelazwa na malaria. Badala yake alikuwepo Komanda Jules, aliyefika jana yake kutoka Goma. Mimi nilikaa mbele, kando yake. Nyuma alikaa Maman Nabintu, mwanamke mfanyabiashara mwenye sauti ya kengele ya kanisa, na kikapu chenye kuku watatu. Kabla hata sijafunga mkanda alinijazia kiganja karanga za kukaanga.

"Kula, mwana wangu. Huko juu hakuna buteke ya kuuzia chakula."

Mpira wa nywele zangu ulikuwa umekatika nikipanda. Rasta zilikuwa zinaniingia mdomoni pamoja na karanga. Nikaona utepe. Mzuri, mwekundu, umefungwa kishungi kwenye kishikio mbele ya magoti yangu.

"Komanda, hii ni dawa ya mufumu ya kuzuia ajali?"

Komanda alikuwa anaongea na mnara kwenye redio. Hakunisikia. Nikaufungua, nikafunga nywele zangu kisogoni. Tonton alikuwa amesimama nje, akanipungia mkono. Nikampungia. Aliuona uso wangu wote. Kisogo hakukiona.

Tulipopanda juu ya msitu baridi ilianza kuuma. Maman Nabintu akapiga kelele, "Komanda! Huku nyuma mulango unapitisha upepo! Nitafika Shabunda niko samaki ya frigo!"

Komanda akanionyesha kishikio kwa kidole. "Vuta ile."

Nikavuta.

Joto likaja miguuni taratibu, kama mtu ananivalisha soksi. Halikuwa na harufu. Halikuwa na moshi. Sijawahi kupewa kitu kitamu namna ile na kibaya namna ile. Nilivua viatu nikasogeza miguu karibu zaidi.

Wa kwanza kujua walikuwa kuku. Tangu Kavumu walikuwa wanabishana kwenye kikapu. Ghafula kimya.

"Maman, kuku zako zinasali rozari," nikasema.

"Zimelala. Hata wewe ungelala, mudomo ungepumuzika."

Nikacheka, na kicheko kikanipiga kichwani kama nyundo. Kwanza paji la uso, halafu nyuma ya macho. Moyo ulianza kukimbia ingawa nilikuwa nimekaa. Vidole vilinenepa, au niliviona vimenenepa. Nikasema, "Komanda, kichwa kinaniuma." Alinigeukia polepole sana. Midomo yake ilikuwa na rangi nyekundu nzuri, kama ya ndani ya pera bivu.

"Tumefika wapi?" akaniuliza.

Rubani ananiuliza mimi tumefika wapi. Nilitaka kucheka tena. Badala yake nikatapika: karanga, chai, fufu ya jana, vyote juu ya mapaja ya Komanda. Hiki ndicho kitu cha mwisho ninachokumbuka mwenyewe. Mengine nilisimuliwa na Maman Nabintu, na yeye hasimulii mara moja.

Anasema harufu ilimfikia. Anasema alimwambia Komanda afungue dirisha, na Komanda akatabasamu tu kama mtoto aliyebatizwa. Basi akavua kiatu, akampiga nacho kwenye shingo. "Fungua dirisha, weye! Utatuua na hii harufu!" Komanda akasukuma dirisha lake, upepo ukaingia. Baada ya muda akaanza kupepesa macho. Akauona mlima karibu kuliko unavyopaswa kuonekana. Akageuza ndege, na njia nzima kurudi Maman Nabintu alimtukana, yeye, mama yake na ukoo wake wote, kwa sababu kila aliponyamaza kichwa cha Komanda kilianguka. Yeye mwenyewe aliokolewa na ule mlango unaopitisha upepo. Mimi nilikuwa nimelala kwenye mkanda, nimejikojolea. Kuku walikuwa wamekufa wote watatu.

Walitukimbiza Katana, hospitalini, mimi na Komanda. Nilipoanza kusikia tena nilikuwa kitandani na mpira wa oksijeni puani. Macho hayakufunguka vizuri. Ulimi ulikuwa ubao. Lakini masikio yalikuwa yangu, na ningependa yasiwe yangu.

"Malaria hakuna," sauti ya daktari. "Kamashini ka kidole kanasema oksijeni iko tisini na nane kwa mia. Ni kama mutu muzima kabisa."

"Basi kama pumzi iko, ni karuho." Huyo alikuwa Tantine Béa, dada yake Maman. "Alikula nini?"

Kwetu mtu akianguka ghafula, karuho ndiyo inashitakiwa kwanza, ile sumu wanayosema unatiliwa kwenye chakula na mwenye wivu. Nikasikia sauti ya Maman, ndogo.

"Alikula karanga. Za ule mama."

"Karanga zangu?" Maman Nabintu alilia kwa hasira. "Na mimi sikula? Na kuku zangu nani amezipa karuho? Angalieni!" Akatupa kikapu sakafuni.

"Umeziua mwenyewe ili kutudanganya," akasema Tantine. "Niko namujua muzee mumoja, kule kijiji cha Mudaka. Anakunywesha dawa, unatapika, karuho inatoka. Tumubebe sasa, kabla haijashika moyo."

Ndipo akaingia muuguzi. "Dokta, kuna mutoto mugonjwa wa mapafu, pneumonie, kule salle ya pili. Mashine ya oksijeni ni hii moja tu, na huyu ana tisini na nane."

Nilisikia kalamu ya daktari inagonga chuma cha kitanda. "Mumutoe," akasema. "Mupeleke kule."

Nilitaka kusema hapana. Siku zote nilikuwa nimesema nakufa na nilikuwa mzima. Siku hiyo nilikuwa nakufa, na mdomo ulikataa. Mpira ulitoka puani. Kichwa kilianza kujaa tena, kama ndoo inayowekwa chini ya bomba. Maman aliinama, akaninyanyua kunitia mgongoni anipeleke Mudaka, na kichwa changu kikaangukia bega lake, kisogo kikielekea mlangoni.

"Ngoja."

Ilikuwa sauti ya Tonton. Nilikuwa sijui kwamba yupo. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote.

"Aline. Hii kitu kwenye nywele umeitoa wapi?"

Sikuweza kujibu. Nilinyoosha mkono. Nikakunja vidole kama mtu anayeshika kitu, nikavuta.

Tonton alikaa chini sakafuni, kando ya kuku. Halafu akasema yote, akimtazama daktari tu: karatasi, ufa, fundi wa mbabula, utepe. "Haiko karuho. Ni mimi. Nilifunga kamba pahali nilipaswa kutoa chuma."

"Moshi wa moteri?" daktari akauliza.

"Ndiyo, Dokta. Yote iliingia kwake."

Sikuwa nimewahi kusikia daktari anakimbia ndani ya chumba kidogo. "Mumulaze! Rudisha mashine! Muuguzi, tafuta ile bombe ya oksijeni ya maternite kwa ajili ya mutoto wa kule." Aliponibandika tena aliwaeleza. "Hii gesi ni ile inaua watu wanaolala na mbabula nyumba imefungwa. Inashika damu, inakataa kuachia. Na kale kamashini ka kidole hakajui kutofautisha, kanaihesabu kama hewa nzuri. Kidogo tu na mimi ningemuua." Komanda naye alikuwa amelazwa salle hiyo ya pili, akaunganishwa kwenye bombe ile ile.

Siku mbili nililala na ule mpira. Nilidhani kuamka ndiko kupona. Sivyo. Nilitembea kama mlevi. Nilisahau jina la kijiko, nikawa naomba "ile ya kuingiza mdomoni." Nililia nikiona sahani. Wiki ya tatu, nilipodhani yamekwisha, nilitoka kuteka maji nikasahau njia ya kurudi. Nilisimama na bidoni ya maji kichwani mbele ya mlango wetu wenyewe, nikimuuliza jirani nyumbani kwetu ni wapi. Jirani akacheka. Alidhani ni utani wangu.

Daktari alikuwa ametuonya kwamba sumu hii inaweza kurudi kubisha. Aliniambia nipumzike, nihesabu, nisome kwa sauti. Nilisoma kilichokuwepo: karatasi ya lazima ya Tonton. Mwanzoni mstari mmoja ulinichukua asubuhi nzima. Baada ya miezi nikaimaliza bila kusimama. Maumivu ya kichwa bado yanakuja, hasa kukiwa na baridi.

Tonton aliandika barua kwa patron na kwa wakubwa wa usafiri wa anga, akatia sahihi. Ndege ikafungiwa. Wenzake hawakumsalimia kwa muda mrefu. Silansie aliileta nyumbani, akaikata kwa msumeno vipande viwili uani, ili pasiwepo mtu wa kuichomelea tena. Nilishika upande mmoja yeye akikata. Ule ufa alinionyesha. Ulikuwa mwembamba kuliko unywele wangu mmoja. Siku hizi kitu kikiwa kibovu anakitoa chenyewe, anaandika kwenye daftari la ndege, na kumwambia rubani usoni.

Maman na Tantine Béa walikwenda kwa Maman Nabintu na kuku watatu, wakapiga magoti. Aliwaacha wakae chini vya kutosha. Halafu akapokea. "Hizi," akasema, "hazitapanda ndege."

Namshukuru Mungu. Namshukuru Maman Nabintu na kiatu chake, na yule daktari aliyekubali mbele ya watu kwamba alikuwa anakosea. Nayashukuru hata matapishi yangu, Sista anisamehe. Wewe unayesoma, ukikuta kitu kimefungwa, uliza aliyekifunga kabla hujafungua. Kama ni wewe uliyefunga, andika. Usilale na mbabula ndani. Kichwa kikiuma na wa karibu yako pia kinamuuma, tokeni nje kwanza, mtabishana huko. Na kama umeponea kwenye moshi, mwambie daktari neno moshi, hata kama mashine inasema uko mzima.

Nilirudi darasani siku ya Alhamisi. Mwalimu wa kemia alikuwa anaita majina. Alipofika kwangu alisimama. Nilijua jina lile liko kwenye ulimi wake, na darasa zima lilijua. Alilimeza.

"Aline," akasema.

Wote walinigeukia, wakingoja nifanye kitu cha kuchekesha.

"Niko," nikajibu.