Na Sisi Tupande Nini?

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia kila mvua inaponyesha upande wa Urambo, hata nikiwa nimekaa na uji wangu sina neno na mtu. Nitakufikisha kwenye siku hiyo. Ila mzee hasukumwi, nipe nafasi nianzie ninapotaka.

Juzi ulinipigia simu ukaniuliza: "Mjomba, tumbaku mwaka huu imenikubali. Ninunue pikipiki, au nibadilishe injini ya lori?" Nikakujibu kwamba nitafikiri. Ukacheka, ukasema wazee mnafikiri sana. Kweli tunafikiri sana. Tufanye nini kingine? Mke wangu amefariki, watoto wako Dar na Mwanza, na hapa Itetemia nyumba ina vyumba vingi kuliko watu. Kuna siku sauti ya kwanza ninayoisikia ni ya jirani akimfukuza mbuzi wake kwenye mahindi yangu, na nashukuru kuisikia.

Swali lako nami niliwahi kujiuliza, nikiwa kijana kama wewe, ninaishi mjini, mtaa wa Ng'ambo.

Babu yako aliniachia lori. Lilikuwa na bodi la mbao, mlango mmoja wa kufunguka na mwingine uliofungwa kwa waya. Injini yake ya petroli ilikuwa imezeeka, inakunywa mafuta kuliko kazi inayofanya. Msimu wa tumbaku tulibeba mizigo kutoka mashambani hadi vituo vya kununulia. Msimu wa asali tuliwapeleka warina asali porini na mapipa yao, kisha tukawafuata. Nilifanya kazi na rafiki yangu Maganga, tuliyekua naye mtaa mmoja. Alikuwa utingo na fundi kwa pamoja, na lori lile alilijua kwa kulisikia tu.

Sasa, lori la mtaa, mwanangu, si la mwenye kadi peke yake. Pale Ng'ambo mtu akifiwa, kabla hata ya kutafuta sanduku, watu walikuja kugonga kwetu. Wanawake walipanda na mikeka, masufuria na kuni, wanaume wakakaa kwenye kingo za bodi, na nyimbo zikaanza kabla sijatia gia. Mwenye nacho alichangia mafuta. Asiye nacho alishuka kusukuma tukikwama. Baba aliikuta desturi hiyo kwa wazee wake, nao walikuwa na asili ya upagazi, wa ile njia ya misafara inayopita hapa hapa kwenda Ujiji. Walikuwa wakisema mwendo wa msafara ni mwendo wa mwenye mzigo mzito.

Kiti cha mbele kando yangu kilikuwa cha Bibi Nyamizi, jirani yetu na rafiki wa mama yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Akishapanda ananiambia, "Dereva, usinivunje kiuno, bado nakihitaji." Watu huko nyuma wanacheka, ingawa tunakwenda msibani. Ndivyo tulivyo.

Lakini nikwambie ukweli wangu: nilichoka nao. Nilichoka kugongewa. Nilichoka kusikia "tupitie kwa fulani, naye anakwenda." Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, na kenge wa mtaa wetu walikuwa wengi, wengine wakipanda kwenda msibani wakashukia sokoni. Nilitaka chombo nikikipanda nakwenda ninakotaka mimi.

Wakati huo injini ilikuwa karibu kukata roho. Kulikuwa na lori moja lililopata ajali, injini yake ya dizeli ikabaki nzima. Maganga alikwenda kuikagua, akarudi mikono myeusi, meno yote nje.

"Ndugu yangu," akasema, "tukiifunga hii, tukaweka rejeta kubwa na kutengeneza breki, lori hili litabeba wajukuu zetu."

Mimi jicho langu lilikuwa kwenye pikipiki nyekundu niliyoiona dukani. Usiache mbachao kwa msala upitao, methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi, nikaijibu na kwenye mtihani nikapata. Kuijibu kwenye mtihani ni kazi rahisi.

Nikanunua pikipiki. Maganga hakugomba. Alisema, "Haya. Lori ni lako," akachukua sanduku lake la spana, akaenda Mpanda kuendesha lori la mtu mwingine. Labda ingekuwa afadhali tungegombana, maana waliogombana hupatanishwa. Sisi tuliagana vizuri, na sikumwona tena. Nilisikia tu, miaka mingi baadaye, kwamba alifia hukohuko.

Sitakudanganya, pikipiki ni tamu. Asubuhi upepo unakupiga kifuani, unajiona mji wote ni wako. Kazi nilipata, nikala, nikavaa. Lori likakaa juu ya mawe, kuku wakataga chini ya usukani. Ila abiria wa pikipiki unampa mgongo, mwanangu. Unambeba mtu kutoka stesheni hadi kwake, anashuka, na ukikutana naye kesho humjui. Jioni narudi nyumbani sina kisa hata kimoja cha kusimulia. Nikadhani huo ndio utulivu niliokuwa nautafuta.

Mama yangu, bibi yako, alikuwa amekwenda kukaa kijijini kwao upande wa Urambo, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli. Mama yako alikuwa naye, akimuuguza. Asubuhi moja ya masika habari zikanifikia kwamba mama yangu amefariki, na kwamba atazikwa leo hii, kandokando ya wazazi wake, kama alivyoomba mwenyewe.

Nilipotoka nje na ufunguo mkononi, nikawakuta watu wamejaa uani. Hakuna aliyewaita. Wamekuja na mikeka yao, masufuria yao, kuni zao, na kwa mazoea tu wamesimama kandokando ya lile lori bovu. Bibi Nyamizi alikuwa mbele, amejifunga kanga kiunoni.

"Pole, mwanangu," akasema. "Mama ametuacha."

"Nimeshapoa, Bibi. Mimi natangulia."

Akaitazama pikipiki, akanitazama mimi. "Na sisi tupande nini?"

Basi la asubuhi lilikuwa limekwisha kuondoka, na nilijua. "Tafuteni usafiri," nikamwambia. Nikawasha, nikaondoka. Nilikuwa na uchungu, mwanangu, na uchungu una haraka zake. Lakini nilipokuwa nakata kona niliwaona kwenye kioo, wamesimama vilevile na mikeka yao, na sikurudi.

Nilifika mapema, hilo pikipiki ilinipa. Nikamkuta mama yako, mjomba wangu, katekista na wanaume wachache wa kijiji. Mama yako alinikumbatia, kisha akachungulia barabara nyuma yangu.

"Kaka, watu wa Ng'ambo wako wapi?"

Nikasema wanakuja. Tukangoja. Mvua ikaanza, nyembamba kwanza, halafu kubwa. Maji yakaanza kuingia kaburini, vijana wakawa wanayachota kwa ndoo na yanarudi. Mwisho katekista akaniita pembeni akaniambia, kwa upole sana, kwamba hatuwezi kungoja zaidi.

Unajua jinsi jeneza linavyobebwa kwetu. Hushiki hatua nyingi, mwingine anakupokea bega, naye anapokewa, kila mtu anataka angalau aguse. Siku ile nilishika upande wa kichwa tangu mlangoni hadi kaburini, na hakuna aliyekuja kunipokea. Njia ilikuwa tope. Bega liliniwaka moto, nikawa nageuka kushoto, nageuka kulia, natafuta mtu. Katekista aliimba karibu peke yake. Mama yangu, aliyewaimbia wafu wa nusu ya Ng'ambo, alishuka ardhini kimya hivyo. Sijawahi kuwa mpweke kama siku ile, hata sasa ninapoishi peke yangu.

Mvua ilipokatika, jua likiwa bado lipo, baiskeli ya kwanza ikatokea. Halafu nyingine. Halafu wengine wanazikokota, minyororo imejaa tope. Mwanamke mmoja alikuwa amefungiwa sufuria mgongoni kama mtoto. Bibi Nyamizi alikuja juu ya keria ya baiskeli ya mwanawe, miguu imevimba, amekumbatia mfuko wa unga aliouvika kanga yake usilowe, yeye mwenyewe ameloa chapachapa.

Hawakuja kwangu. Walikwenda moja kwa moja kaburini, wakasimama pale kwenye tope, wakaimba nyimbo zote ambazo hazikuimbwa. Ndipo wakaja kunipa pole, mmoja mmoja, kwa mikono miwili, kana kwamba sikuwatendea neno.

Bibi Nyamizi alikaa karibu nami. Nikamwambia, "Bibi, nisamehe."

"Nikusamehe lipi? Lori lako, pikipiki yako." Akakamua kanga. "Mama yako alinizikia mume, akanizikia na mtoto. Nilitaka nimtupie udongo kwa mkono wangu huu. Nimekuta mmeshamfunika."

Basi, hakuniongezea neno, wala hakulirudia tena hadi anafariki. Nililia pale nilivyokuwa sijalia tangu asubuhi. Kipigo ningekivumilia, mwanangu. Ule mkono wake mtupu aliounyoosha mbele yangu ndio ulionishinda.

Baada ya matanga nilitaka kulifufua lori. Ile injini ya dizeli ilikuwa imekwisha kufungwa kwenye lori la mtu mwingine. Nikahangaika huku na huko, kutu ikanishinda mwendo, mwisho likakatwa likauzwa chuma chakavu. Watu wa Ng'ambo hawakunisusia, usidhani. Tulisalimiana, tulicheka. Ila wakifiwa, waligonga kwa mwingine. Walizoea kutonihitaji. Ndicho nilichokitaka, nikakipata chote, na mpaka leo kinaniuma.

Sasa nikujibu swali lako, nalo nimekuandikia maana kwa simu salio lako lingekwisha kabla sijafika hapa. Sikwambii pikipiki ni mbaya. Imewasomesha watoto wa watu, na mgonjwa wa usiku imemfikisha hospitali. Ukiona ndiyo itakayokulisha, nunua, na kofia ngumu uvae. Ukiamua injini, usimsikilize anayekusifia nguvu tu. Muulize fundi kama fremu itaibeba, na utengeneze breki kabla hujaonja mwendo. Hayo ni ya chuma, na ya chuma yana mafundi.

Langu ni hili. Kabla hujafungua mkoba, nenda kasimame nje ya nyumba yako uwatazame wanaokitegemea chombo chako: wakulima wenzako, wagonjwa wao, wafiwa wao, hata wale kenge wa kushukia sokoni. Jiulize hawa watapanda nini. Ukishapata jibu, nunua unachotaka kwa moyo mweupe. Ukikosa jibu, ngoja. Watakuchosha, nakuapia. Watakugongea unapokula, watakuvunjia mbao za bodi, na shukrani watasahau. Wavumilie, mwanangu. Anayegongewa mlango analalamika kwa sababu hajui mlango usiogongwa ulivyo. Mimi naujua.

Na neno moja la kujipendelea, unisamehe. Siku yangu itakapofika, usikimbilie kuja kwangu peke yako. Nitakuwa sina haraka. Pitia Ng'ambo kwanza, uwachukue waliosalia na watoto wao, hata wakichelewa kupanda, ndipo mje.

Mungu akubariki, mwana wa dada yangu. Akupe mazao na bei, akulinde na tope la masika na vumbi la kiangazi. Akupe mlango wenye kugongwa na moyo wa kuufungua. Na bega lako lisikae chini ya mzigo bila mtu wa kukupokea. Amina.