Mtete wa Bibi Haukumtaka Mjomba

Nilipokuwa mtoto, kule Mnyambe, nilikuwa na kazi. Naliandika hili kwanza, tena kwa makusudi, maana leo nina digrii, apa sekondi, na kazi sina. Kazi yenyewe ilikuwa kusaga ugoro wa bibi. Nilikausha majani ya tumbaku juu ya kigae cha chungu, nikayasaga kwenye jiwe mpaka yakawa laini kama poda, nikachanganya na majivu ya maganda ya kunde na tone la mafuta ili yasipeperuke. Nilianza hata meno ya mbele hayajang'oka. Siku za mwanzo nilipiga chafya hadi kamasi zikafika kidevuni, na bibi akicheka: "Piga tu, Somoe. Pua ikichoka itanyamaza."

Ugoro ukiwa tayari ulitiwa kwenye mtete. Wasiojua wataita kikopo. Kikopo ni cha maziwa ya unga, jamani. Mtete wa bibi ulikuwa wa mpingo, umechimbwa ndani kwa chuma cha moto, na ukingo umesuguliwa hadi mfuniko ukiuvuta unalia *pwo*, kama mtu anayefumbua mdomo. Mfuniko ulikuwa kichwa cha mwanamke: chale mashavuni, ndonya, kile kijiti cha urembo, kwenye mdomo wa juu, macho yamefumba nusu. Aliuchonga kaka wa bibi yake bibi, na uso ule ulikuwa wa dada yake, yaani huyo bibi yake bibi. Chini ya kidevu kulikuwa na kibonyeo kidogo, laini kabisa. Hicho hakikuchongwa na mtu. Kililika kwa vidole gumba vya wanawake watatu: bibi yake bibi, mama yake, na yeye mwenyewe.

Mtete ule ulikuwa na sharti. Kabla ya kunusa unadondosha kidogo chini kwa ajili ya mahoka, wazee wetu waliotangulia. Halafu unanusa. Ukipiga chafya, yule wa kwenye mfuniko amekukataa. Ukinyamaza, amekukubali, na una haki ya kuushika, kuurithisha, hata kuutupa shimoni ukipenda. Mimi niliyasikia hayo nikiona ni maneno ya kutisha watoto tusiguse vitu vya watu.

Basi ikaja ruksa, kila mtu afanye biashara atakayo. Mitumba ikamwagwa sokoni, wanunuzi binafsi wa korosho wakaanza kupanda kule juu kwetu na mizani zao, na kila kijana aliyewahi kulala Masasi mjini akataka kuwa broka. Mjomba Hamisi, mtoto pekee wa kiume wa bibi, alikuwa mmoja wao. Alirudi na miwani ya jua, sigara za kichungi na msemo mmoja: "Bizinesi ni mtaji." Mtaji hakuwa nao. Ila alimfahamu bwana mmoja wa Dar anayepita vijijini akinunua vitu vya kale ili akawauzie Wazungu. Na kwetu mali ya ukoo wa mama husemewa na mjomba. Kwa hiyo, kwa sheria za kwetu, Hamisi hakuwa mwizi. Hilo ndilo lililomnyima bibi usingizi.

Walikuja wawili hao asubuhi moja, bibi akichambua choroko barazani pamoja na jirani yetu, Mama Zaina.

"Shikamoo, mama," akasema yule bwana.

"Marahaba, baba. Umetoka wapi?"

"Dar es Salaam, mama."

"Pole sana," akasema bibi.

Mjomba akauchukua mtete mkekani na kumpa. Yule bwana akaupindua, akakwaruza kitako kwa ukucha, akanusa mpingo. Usoni hakutazama hata mara moja. "Original," akasema. "Hii original kabisa."

"Unaona, mama?" Mjomba akachangamka. "Kitu kinakaa tu kwenye pindo la khanga yako. Hakizalishi."

"Na wewe unazalisha nini, Hamisi?"

Mama Zaina akaangua kicheko, choroko zikamwagika. Mjomba akatupa sigara yake chini. "Mimi ndiye mwanamume wa nyumba hii. Nimesema unauzwa."

Nilidhani bibi atalia. Hakulia. "Sikukatalii, mwanangu," akasema. "Nusa. Ukinyamaza, nenda nao."

"Aa, mama, hayo mambo ya kizamani."

"Si ndiyo unayouza? Nusa."

Mjomba akabana ugoro mwingi, wa kujionyesha, akaupeleka puani moja kwa moja. "Hajatoa cha chini," Mama Zaina akaninong'oneza. Mjomba akasimama wima. Macho yakamjaa maji. Shingo ikavimba. Halafu ikatoka chafya ambayo nadhani waliisikia Newala mjini, ikafuata nyingine, na nyingine, miwani ikarukia kwenye ungo wa choroko.

"Pole, kaka," akasema yule bwana. "Hayo mafua tu."

"Basi nusa wewe," bibi akamwambia.

"Mimi nina presha, mama."

Mjomba, kamasi zikimchuruzika, akapandisha hasira. "Ugoro huu unampigisha kila mtu chafya! Hilo si sharti, ni ujanja wako. Mpe mtu mwingine hapa. Akipiga chafya na yeye, naondoka na mtete sasa hivi!"

Bibi hakufikiri hata kidogo. "Somoe, njoo."

Nikachuchumaa mbele yake. Nilijua kabisa nilichobeba: pua yangu ikikosea mara moja tu, uso ule unapanda gari kwenda kusimama kwenye kabati la kioo la mtu asiyejua jina lake. Nilivuta mfuniko. *Pwo.* Nikadondosha kidogo chini. Nikanusa, huku nikimtazama yule mwanamke wa mpingo. Moto ukapanda hadi utosini, machozi yakatoka. Nikasubiri. Kuku akapita. Nikaendelea kusubiri.

Hakuna kitu.

"Nnungu wangu," akasema mjomba, polepole. Yule bwana akarudi nyuma hatua mbili bila kuaga mtu. Bibi akanifumba vidole juu ya mtete. "Ni wako," akasema, akaendelea na choroko zake.

Sasa msije mkanifundisha. Nimekaa chuo kikuu miaka mitatu, najua pua iliyolishwa vumbi la tumbaku miaka na miaka haistuki. Na bibi alijua kabla yangu. Si aliniambia mwenyewe kwamba pua ikichoka itanyamaza? Lakini jioni ile nilimwona amepiga magoti nyuma ya nyumba, akiwamwagia mahoka ugoro na kuwashukuru, na hakuwa akiigiza. Alikuwa anajua na alikuwa anaamini. Mimi siku hizi siwezi hata kimoja kati ya hivyo viwili kwa moyo mkunjufu kama wake.

Nimekaa mbele ya meza nyingi tangu nimalize chuo. Wanaume wenye tai wanafunua CV yangu, wananiuliza uzoefu, wanasema *we will get back to you*. Kumbe intavyu niliyowahi kufaulu ni ile moja ya barazani, na hapo nilikuwa sina hata viatu. Uzoefu waliutaka hata pale. Ila pale waliuhesabu, hata ule wa mtoto aliyechuchumaa kwenye jiwe la kusagia.

Mwezi uliopita mtu mmoja pale Lisekese, Masasi, aliposikia sina kazi, aliniambia niuze mtete nipate mtaji. Alisema kwa huruma, ndicho kilichoniudhi. Nikauweka mezani, nikavuta mfuniko. "Nusa kwanza," nikamwambia. Akacheka, akaona mimi sicheki, akaondoka.

Nilibaki nimeushika. Bibi hayupo tena. Kidole gumba changu kilikuwa kimeingia chenyewe chini ya kidevu cha yule mwanamke, kwenye kile kibonyeo, na kikaenea sawasawa.