Fukusi niliyempelekea mama mkwe Ihanda

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri. Hii si chai, imenikuta mwenyewe hapa Karagwe na bado inaniuma.

Mimi ni mtu wa Pangani, nina duka dogo la nguo na chumvi. Nimeoa Mnyambo, binti wa Ihanda.

Mwaka huu msafara uliniletea maharage kutoka pwani. Makubwa, mekundu, yanang'aa. Nikampelekea mama mkwe mzigo mzima awe na mbegu. Nilitaka sifa tu, wakuu, nisiwadanganye.

Yeye mbegu huzichanganya na majivu, anazifunga kwenye majani makavu ya mgomba na kuzining'iniza juu ya jiko. Nikamwambia mke wangu, "Mwambie mama maharage yangu asiyachafue na majivu."

Mama akatii. Akaziosha hata mbegu zake mwenyewe, akazianika, akachanganya zote pamoja!

Sasa shida ya huku: mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, na kosa la mkwe halisemwi waziwazi. Mwezi wa pili tangu hapo mke wangu akaniletea salamu: "Mama anauliza kama maharage ya pwani hutoa unga."

Nami, mjinga niliyekubuhu, nikajibu kwamba huo ndio ubora wake.

Salamu ya pili: "Mama anauliza kama huko kwenu maharage hutembea."

Hapo nikashtuka. Tukaenda kufungua. Kila punje ina tundu, fukusi wanatambaa hadi ukutani. Wazee wakaapa mdudu huyo hawajapata kumwona.

Kuna Mjerumani mmoja anayekusanya wadudu, alikuwa anapita Rugera. Nikamwita nikitegemea dawa. Jamani, alifurahi kama aliyeletewa mtoto! Kumbe fukusi huyu upande huu hajawahi kuonekana. Akatia kumi kwenye chupa, akanipa mkono, akaenda zake. Dawa hakunipa. Nilitamani niipasue ile chupa.

Mvua zikaanza, mbegu hakuna. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akigawia kijiji kizima mbegu. Juzi nilimkuta njiani na kikapu kitupu, anakwenda Igurwa kuomba.

Aliponiona aliinamisha uso, akaingia migombani kunipisha.

Funzo: ukiwa ugenini, uliza majivu ni ya nini kabla hujayakataa.

Haya, nitukaneni, ila mnisaidie na hili. Mtu usiyeruhusiwa kumtazama usoni, unamwombaje msamaha?