Husuki Mkeka, Unasuka Mtu

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na nikisema kichwani sitanii. Ukinikuta asubuhi kabla sijafunga kitambaa utajionea mwenyewe: kwenye panja, kulia na kushoto, mpaka juu ya masikio, pako wazi na panang'aa kama kiganja cha mkono. Watu husema ni uzee. Si uzee. Nilikuwa na vipara hivi kabla sijaolewa, na mahari yangu ililetwa nikiwa nimejifunga kitambaa.

Nakwambia mapema kwamba naandika nikiwa na hasira. Wazee tumezoea kunasihi kwa sauti ya chini, chai ikiwa mkononi. Mimi leo chai yangu imepoa mezani na sina haja nayo.

Tulikuwa tunakaa Same mjini, upande wa reli, lakini kwetu ni milimani, na baba alikuwa ameamua kwamba kipaimara nitapata huko juu, kwenye kanisa la nyumbani, ukoo wote ukiwa umekaa mbele. Nyumbani kwetu pale mjini aliishi shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, na huyu alikuwa fundi wa kusuka mikeka na vikapu. Hapakuwa na mkono kama wake kuanzia Makanya mpaka Hedaru. Watu walisema kapu la shangazi unaweza kulichotea maji. Siri yake haikuwa siri, kila mtu aliiona: aliulowesha ukindu kwanza ili uwe laini, akausuka kwa kuukaza ukiwa bado na maji, kisha akauacha ukauke. Ukindu ukikauka unajikaza wenyewe. Kwa mkeka hiyo ni akili kubwa, na sina neno nayo.

Neno nililonalo ni kwamba mikono ileile, na akili ileile, aliileta kichwani kwangu.

Na Same, kama huijui, ni mji wa upepo. Unavuma mchana kutwa, na vumbi lake linaingia mpaka kwenye chumvi. Maji nayo miaka ile tulikuwa tunayagombania kwa ndoo, kwa hiyo kuosha nywele ilikuwa anasa. Msuko mzuri kwetu ulikuwa msuko unaodumu, na msuko unaodumu ulikuwa ule uliokazwa. Msichana aliyesukwa kwa mkono mwepesi alichekwa njiani, akiulizwa kama msusi wake alikuwa anasinzia. Mimi niliyakuta hayo, nikayaamini kama wenzangu wote.

Basi Jumamosi, ikiwa imebaki wiki moja nibarikiwe, shangazi aliweka pembeni mkeka aliokuwa anausuka, akanikalisha katikati ya magoti yake, akanimwagia kopo la maji kichwani. Ndiyo, aliulowesha ukindu wake. Akaanza twende kilioni, mistari myembamba kutoka kwenye paji la uso kwenda kisogoni. Msuko huo wanasema ulipata jina kwa wanawake waliosukana harakaharaka wakiwa na msiba wa kuwahi, kwa hiyo ulikuwa msuko mwepesi, wa mtu asiye na nafasi ya urembo. Shangazi yangu aliufanya uwe kilio kweli. Kila alipochukua nywele za kuongezea mstari, alivuta kwanza, akakaza, ndipo akasuka. Kwenye panja, kule ambako nywele ni laini kama za mtoto mchanga, alivuta zaidi, maana huko ndiko zinakofumuka upesi.

Nikasema inauma. Akanijibu bila kusimamisha mkono, “Ukitaka uzuri lazima udhurike.”

Nikalia. Mama alikuwa pale pale anachambua mchicha. Hakuinua macho. Akasema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Miaka mingi nilimwekea mama kinyongo kwa maneno hayo, mpaka na mimi nilipoolewa nikapata mawifi, ndipo nilipoelewa. Wifi mkubwa katika nyumba za kwetu ni mume wa pili. Mama hakuwa na ubavu wa kumwambia dada wa mume wake alegeze mkono, kwa hiyo akaona afadhali aninyamazishe mimi. Namsamehe kwa sababu alikuwa mama yangu, lakini usidhani sioni alichofanya.

Methali nazipenda, mwanangu. Nimelelewa nazo na wewe nimekulea nazo. Lakini methali haichagui pa kwenda, inakwenda inakotumwa. Ile ya kudhurika ni ya mtu mzima aliyetaka kitu chake mwenyewe, akakubali taabu yake mwenyewe. Haikutungwa ili kumziba mdomo mtoto ambaye hata hakuulizwa kama anataka kusukwa. Kila nikiisikia saluni hadi leo, natamani kuinuka niitoe nje kwa fagio.

Jioni upepo ulinikausha kichwa, na nywele zikafanya kile ukindu unachofanya. Zikajikaza. Nyusi zangu zilipanda juu nikawa kama mtu anayeshangaa jambo lisilokwisha. Kufumba macho ilikuwa kazi. Nikapewa Panadol, nikalala kifudifudi, na asubuhi watu wa kanisani wakanisifu. Walisema shangazi yangu ana mkono. Ni kweli, alikuwa na mkono.

Katikati ya wiki vilitokea vipele vyeupe kwenye panja, vimejipanga kufuata mstari. Mama alinipaka mafuta ya mgando juu yake, na vumbi la Same likashika juu ya mafuta. Vipele vikawa majipu madogo, majipu yakaanza kutoa usaha, tezi zikavimba nyuma ya masikio, nzi nao wakanizoea. Shangazi alisema ni joto linatoka, litakwisha. Hakuna mtu nyumbani aliyesema tufumue. Jumapili ilikuwa karibu, wageni wameshaalikwa, mpiga picha ameshaambiwa, na msuko ulikuwa mzuri. Hebu fikiria jambo hilo. Kichwa kinanuka, na watu wazima watatu wanakubaliana kwamba msuko ni mzuri.

Alhamisi nilitumwa sabuni kwa Bi Zaina. Huyu alikuwa jirani yetu, mama wa Kiislamu mwenye umri wa kuwa bibi yangu, ambaye ukoo wao ulikuwa Same tangu enzi za misafara. Aliuza sabuni, kanga na mafuta ya nazi mlangoni kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniangalia jinsi nilivyogeuka mwili mzima kuchukua sabuni kwa sababu shingo ilikataa. Akanisogeza kwenye mwanga. Akafunua kitambaa nilichojitanda kuzuia nzi.

Hakusema pole. Alisema, “Kaa,” akaenda kuleta chanuo na chupa ya mafuta. Alianza kufumua kuanzia nyuma, taratibu, akidondosha mafuta kila penye fundo, na kila mstari ulipofunguka nilihisi hewa ikiingia mahali ilipokuwa imefukuzwa. Alipofika panja ya kushoto hakuvuta hata kidogo. Aligusa tu. Msuko mzima ukatoka, na vishina vyake vyeupe, ukabaki kiganjani mwake.

Shangazi alikuwa ameshasikia habari. Mji ulikuwa mdogo. Akafika mlangoni akiwa na ukindu mkononi, akauliza ni nani aliyempa Bi Zaina ruhusa ya kumfumua mtoto wake, na Jumapili anabarikiwa.

Bi Zaina akanyoosha kiganja chenye ule msuko. “Husuki mkeka, mama,” akasema. “Unasuka mtu.”

Nilidhani shangazi atatukana. Alikuwa na ulimi huo. Badala yake aliutazama ule msuko, kisha akafungua kilemba chake pale pale mlangoni, mbele ya wapita njia. Nilikuwa naishi naye nyumba moja tangu nizaliwe na sikuwa nimewahi kumwona kichwa. Panja zake zilikuwa wazi, zaidi ya hizi zangu unazoziona. Upara ulikuwa umepanda mpaka karibu na utosi.

“Na mimi nilisukwa hivihivi,” akasema. “Mbona sikufa?”

“Hukufa,” Bi Zaina akamjibu. “Lakini uliumia. Na uliposema unaumia, nani alikusikiliza?”

Shangazi akafunga kilemba chake, akakaza fundo, akaondoka. Jambo hilo hakulizungumza tena mpaka tunamzika, na sabuni yake tangu siku hiyo akawa ananunua mbali.

Bi Zaina aliniosha kwa maji ya uvuguvugu, katika mji ambao maji yalikuwa ya kugombania, kisha akanipeleka zahanati yeye mwenyewe. Nikasafishwa vidonda, nikapewa dawa, homa iliyokuwa imeshanipanda ikashuka. Jumapili nilipiga magoti madhabahuni na kitambaa cheupe kichwani, na nyuma yangu nikasikia wakinong'onezana kwamba nina mashilingi, yale mapunye ya kichwani. Shangazi alikaa benchi la mbele na kilemba chake, akitazama dirishani. Nywele za katikati zilirudi. Za panja nilizisubiri. Nilipaka mafuta ya mnyonyo, nilipaka kitunguu maji, nilipaka kila nilichoambiwa na kila aliyejifanya anajua. Ngozi ikishakuwa laini na kung'aa vile, mwanangu, shamba limeshakufa, unamwagilia jiwe.

Nina hasira na shangazi yangu hadi leo, na namwonea huruma. Mambo mawili hayo yanakaa chumba kimoja ndani yangu na hayasalimiani. Alijua. Ndilo linaloniunguza. Kila asubuhi alikipapasa kichwa chake mwenyewe kabla ya kufunga kilemba, kisha akaja kukikamata changu kwa mikono ileile.

Sasa sikia kwa nini chai yangu imepoa. Juzi tulikuwa na ubatizo huko kwetu juu, na binti wa mdogo wangu alikuja na mtoto wake wa kike, ndiyo kwanza ameanza chekechea. Kichwa kimesukwa mistari myembamba, kikaongezewa rasta mpaka kiunoni, kikatundikwa shanga kila ncha, na kingo zimepakwa gundi sijui jeli. Paji la uso linang'aa kama sufuria. Watu wanapiga picha. Mtoto akawa hataki kuguswa, kila anayetaka kumbeba analia, nao wanacheka kwamba anaringa. Nikamwita, nikaangalia kwenye panja, nikaviona vipele vyeupe vimejipanga.

Nikamwambia mama yake, mwanangu, mfumue huyu leo. Akatabasamu lile tabasamu la kuwavumilia wazee. “Mama mkubwa,” akasema, “mbona na sisi tulisukwa hivihivi na hatukufa.”

Sikubishana naye. Nilimchukua mtoto nikaketi naye jikoni na mafuta ya nazi, nikaanza kufumua. Mama yake alikuja akasema wamekaa saluni kutwa nzima, akasema picha za familia bado, akanuna. Acha anune. Kabla sijamaliza mstari wa pili mtoto alikuwa amelala mapajani kwangu, mdomo wazi. Mama yake alipoona hivyo aliuliza kwa sauti ndogo tangu lini hajalala vizuri, akajijibu mwenyewe kwamba tangu Ijumaa. Kisha akavuta kigoda, akaanza kufumua upande wa pili.

Basi nasaha yangu ni hii, nawe iandike moyoni. Suka, mwanangu, sikukatazi, msuko ni pambo letu na nywele zilizotunzwa ndani ya msuko hupumzika. Lakini osha kichwa kwanza na nywele zikauke, usisuke nywele zenye maji ukazigeuza ukindu. Mistari iwe minene kidogo. Kwenye panja na ukingo wa paji mkono uwe mwepesi kuliko kote, na zile nywele ndogondogo za mwanzo ziache kama Mungu alivyoziacha. Mtoto mdogo usimtundikie rasta, kichwa chake si kamba ya kuanikia. Usiuache msuko ukaota mizizi miezi na miezi kwa sababu bado unapendeza, na ukifumua usirudie siku hiyohiyo, tena njia zilezile. Ukishindwa kufumba macho, msuko umekazwa. Ukihitaji dawa ya maumivu ndipo ulale, msuko umekazwa, na dawa yake ni kufumua. Kipele kikitoka usikifunike kwa mafuta, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Fumua, safisha, na pakitoa usaha au pakianza kunyonyoka nenda hospitali mapema, ungali na kitu cha kuokoa. Na msusi akikwambia vumilia, inuka ukiwa umesukwa nusu, ujifunge kitambaa uende zako. Nusu kichwa utachekwa siku moja. Mimi nimefunga kitambaa maisha yangu yote.

Na usije ukaniambia hatukufa. Kutokufa si kipimo cha malezi.

Mungu akubariki, mwanangu, wewe na uzao wako. Akujalie nywele mpaka uzeeni na mikono myepesi ya kuzishika. Na siku mtoto wako atakapokwambia inauma, usimjibu kwa methali. Legeza.