Siku Niliyosema Hifadhi

Kuna neno moja la Kiswahili sitaki kulisikia tena, na kwa bahati mbaya nililichagua mwenyewe, kwa mbwembwe zangu. Neno lenyewe ni hifadhi.

Nimesomea miamba. Nilipopata kazi kwa watu waliokuja kutafuta mafuta na gesi bonde la Rukwa, nilijiona nimefika. Siku hizi watafiti hawakimbilii kuchimba. Wanachukua kipande cha jiwe kutoka kisima cha zamani, wanakipiga picha ndani kwa ndani kama mgonjwa hospitalini, wanaangalia vitundu vyake, kisha kompyuta inafundishwa kukisia jiwe lote lililobaki chini ya ardhi. Tulibishana wiki nzima kama kompyuta iliyofundishwa kwa visima vya nchi nyingine italielewa jiwe la Rukwa. Kama watu wa Rukwa watanielewa mimi, hilo hakuna aliyeliuliza.

Nikatumwa kuongea na wanakijiji karibu na Muze, kwa kuwa ni ujombani kwangu. Kifipa changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo niliandika maneno yangu kwa Kiswahili. Lile jiwe linalobeba mafuta lina jina lake la Kiingereza, reservoir, nikaona nikilitamka wataniona najidai. Nikatafuta Kiswahili kizuri. Nikasimama mbele yao nikasema tumekuja kuchunguza kama chini ya mashamba yao kuna hifadhi kubwa. Mafuta niliyataja mara moja. Hifadhi niliitaja mpaka basi.

Watu wakatazamana. Nikadhani nimewakosha. Mjinga mimi.

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenilea tangu darasa la kwanza, alikuwa amekaa mbele kabisa na shati lake la kanisani. Nikiwa bado naongea, akainuka akatoka. Nikasema moyoni, ni uzee tu, kabanwa na haja ndogo.

Kule bondeni hifadhi ina maana moja. Ni wanyama, askari wa wanyamapori, na wewe kufungasha. Mjomba alishahamishwa hivyo akiwa kijana. Walitoka na kinu na mbuzi mmoja, mahindi wakayaacha shambani. Habari hiyo amenisimulia mara nyingi tukichambua mchele kibarazani kwake. Hapo ndipo ninapoishiwa nguvu, maana nilikuwa najua.

Hazikupita hata wiki tatu, asubuhi moja namkuta mlangoni kwangu Mazwi, mjini Sumbawanga, na jembe na mkeka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nimewahi."

"Umewahi nini?"

"Kabla magari yenu hayajaja. Safari hii nimetoka mwenyewe, sijasukumwa na mtu."

Shamba la mpunga, lenye kaburi la mkewe pale pembeni, alikuwa amebadilishana na mnunuzi mmoja wa mahindi wa Laela. Akapewa kipande cha shamba hukohuko Laela. Karatasi zimeshasainiwa, mashahidi wapo.

Siku hiyohiyo nikapanda basi kwenda Laela. Yule mnunuzi alinipokea vizuri, akanipa na kigoda.

"Dada, mkutano wako nilikuwepo," akasema. "Nilikuelewa vizuri sana. Ulikuwa unasema mafuta."

"Sasa mbona hukumwambia mzee?"

"Hakuniuliza."

Nikamwomba. Nilipiga magoti, mimi na digrii yangu, kwenye pumba za mahindi. Akaniinua taratibu, akasema wamekubaliana watu wazima wawili na yeye haoni kosa lake. Nilitamani kumpiga. Nililia njia nzima mpaka Sumbawanga, na abiria wa pembeni akadhani nimefiwa.

Miezi ikapita, majibu yakatoka. Vitundu vipo kwenye lile jiwe, ila havijaungana, hakuna kinachoweza kupita. Pengine kompyuta imekisia vibaya, sijui, na sasa sijali. Wenzangu wakafunga vifaa wakaondoka. Mpunga wa bondeni unaendelea kumea, na anauvuna mwingine.

Jumapili nikaenda Laela kumwambia mjomba. Nilimkuta analima akiwa na sweta, maana baridi ya huku juu ya bonde hajaizoea. Mahindi yake yalikuwa ya njano, yamefika magotini yakagoma.

"Kwa hiyo hamhamishi mtu?" akauliza.

"Hatukuwa tunahamisha mtu, mjomba."

"Na ile hifadhi?"

"Ni jiwe tu. Mwamba unaobeba mafuta ndani yake. Na hata hayo mafuta hayawezi kutoka. Nilikosea neno, mjomba, nisamehe."

Akaegemea jembe. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

"Mwamba," akasema. "Ungesema mwamba, ningebaki na mke wangu."