Magurudumu Manne ya Injinia

Mume wangu watu humwita Injinia. Uinjinia hajasomea hata siku moja. Ni karani wa stoo ya idara ya maji, anahesabu mabomba na kuandika yaliyopungua. Jina hilo alilipata siku aliponunua jipu kuukuu na kuanza kuwafundisha watu wazima habari za magari. Mwulize saa ngapi, atakueleza gia. Wageni wakifika kwetu hawakalishwi kwanza, wanapelekwa uani wakainame chini ya gari, waone "chuma cha zamani, siyo haya mabati ya siku hizi." Wazee wa watu wenye migongo mibovu, eti wainame! Na mimi nimesimama mlangoni, chai inapoa.

Debe tupu haliachi kuvuma, jamani, na la kwangu lina tairi.

Basi jipu likaanza kugonga kwa mbele. Fundi wa gereji ya mtaani, mtu wa maneno machache, akalitazama akasema, "Propela ya mbele imechakaa viungo. Tubadilishe." Propela ni ile fimbo nene ya chuma inayozunguka chini ya gari na kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Jipu linazo mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, na ndiyo maana magurudumu yote manne yanavuta. Haya yote nayajua kwa sababu nimelala kitanda kimoja na mtu huyu miaka kumi na moja.

Injinia hakubadilisha kitu. Jumapili moja alilala chini ya gari kutwa nzima, akatoka na grisi hadi kwenye nyusi, akatangaza, "Nimelitibu." Na kweli, kelele za mbele zikaisha. Mjinga mimi nikampongeza.

Baada ya mwezi zikaanza za nyuma. Kila akibadilisha gia, ko! Fundi akamsimamisha barabarani. "Injinia, hiyo sasa ni ya nyuma. Itakukatikia mlimani." Bwana akajitia hamnazo. Kesho yake akafunga redio yenye spika kubwa.

Yangekuwa mambo yake na jipu lake nisingesema neno. Lakini mama yangu anaishi juu mlimani, na macho yake yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Binti yetu wa mwisho ana miaka miwili. Bibi yake amempakata, amemnusa kichwa, amempapasa pua; kumwona hajamwona. Daktari wa macho huja hospitali ya mjini mara moja kwa mwaka, siku moja tu, na saa tisa alasiri anafunga vifaa vyake anaondoka. Mwaka huu mama alikuwa kwenye orodha ya upasuaji. Nilitaka ashuke na lori la mboga linalokuja mjini kila asubuhi.

"Mkwe wangu apande juu ya kabichi, na mimi nipo hai?" Injinia akafoka. "Nina magurudumu manne!"

Nikanyamaza. Hapo nakiri kosa langu.

Tulimchukua mama asubuhi, amevaa gauni lake jipya, mkononi ameshika cheti cha hospitali kama mtu anayekwenda kula kiapo. Kati ya kwake na mjini kuna korongo: unashuka, unavuka kijito, unapanda mwinamo wa mawe. Tulipofika chini Injinia akasimamisha gari. Akazima redio. Akageuka nyuma kwa heshima zote.

"Mama, shikilia vizuri. Sasa naingiza magurudumu yote manne."

Akavuta kile kigingi kidogo kilicho kando ya gia, kwa madaha, utadhani anafungua mkutano. Tukapanda. Ko. Ko. Koko. Kisha mlipuko mmoja chini ya miguu yetu, injini ikanguruma peke yake, na gari likaanza kurudi nyuma. Akakanyaga breki, nikaruka nje nikasukuma mawe chini ya tairi.

"Ya nyuma imekatika," akasema.

"Sawa. Si una ya mbele? Tupeleke kwa ya mbele."

Akashuka, akajipenyeza chini ya gari, akakaa huko. Nikasubiri. Nikachoka. Nikapandisha gauni nikajipenyeza na mimi, tukalala chali bega kwa bega juu ya kokoto. Kwa nyuma, chuma kimening'inia. Kwa mbele, pale palipopasa kuwa na propela, palikuwa na hewa safi.

"Iko wapi?"

"Stoo."

"Stoo ipi?"

"Ya nyumbani. Nyuma ya magunia ya mkaa. Si ilikuwa inagonga?"

"Na hicho kigingi ulichovuta?"

"Mazoea," akasema.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mkosi wetu ni kwamba guu lilikuwa la mama. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Lori la mboga lilikuwa limeshapita zamani. Saa sita ikaja trekta ya matofali, mwendo wake wa konokono, na mama akapandishwa juu ya matofali, yeye aliyekatazwa kabichi.

Saa kumi kasoro tulifika. Muuguzi alikuwa anakunja shuka la mwisho. "Poleni. Daktari ameondoka. Mwakani." Injinia akaanza kumweleza hali ya barabara, mwinamo, ubora wa chuma. Muuguzi akaendelea kukunja.

Nilimleta mama kwangu, sikutaka arudi mlimani. Jioni ile tulikaa sebuleni, mtoto amelala mapajani mwake, na yeye anapitisha kidole kwenye nyusi za mtoto, taratibu, kurudi na kwenda.

"Baba," akamwita mkwe wake. "Wewe ndiye mwenye maneno humu ndani. Hebu nieleze huyu mtoto yukoje."

Mtu anayeweza kukueleza meno ya gia moja baada ya jingine mpaka uombe kwenda kulala! Akatazama mtoto, akatazama sakafu. Machozi yakamtoka, na mimi sikumhurumia hata chembe.

Akapiga magoti mbele yake. "Mama, nisamehe. Ile propela ya mbele niliitoa mwenyewe. Fundi aliniambia, mke wangu alitaka lori, na mimi..."

"Nilikusikieni mlipokuwa chini ya gari," mama akasema. "Mimi nimeuliza mtoto yukoje."